Fleti moja Glasgow, Home Report mbili

Haya ni maoni yangu kwa Waswahili wenzangu walioko Scotland wenye nyumba ya kuuza. Nimewalipa watu wawili tofauti kwa kazi ileile ya kuandaa Home Report, yaani ripoti ya hali na bei ya nyumba inayouzwa, na tofauti niliyoiona ni kubwa kiasi kwamba naona si haki kunyamaza. Kampuni sizitaji. Ninachotaka mjue ni namna ya kumtambua mtu wa kumpa kazi hii.

Fleti yetu ilikuwa Dennistoun, mtaa wa Glasgow, ghorofa ya juu kabisa, katika jengo la mawe mekundu lililojengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jengo lina fleti nane na ngazi moja ya pamoja. Mtoto wa tatu alipozaliwa, mimi na mume wangu tukakubaliana kwamba kupandisha kigari cha mtoto ngazi zile kila siku basi tena.

Huku nyumba haitangazwi bila Home Report, ukiacha chache kama zile mpya kabisa. Sheria hiyo ilianza kufanya kazi tarehe 1 Desemba 2008. Kaka yangu aliye Leicester alinichanganya kidogo. Aliniambia, "Dada, makaratasi hayo yalifutwa zamani." Kumbe yeye alikuwa anasema ya kwao: England na Wales walikuwa na Home Information Pack iliyoanza Agosti 2007, ikasimamishwa Mei 2010. Ya Scotland ni nyingine na ipo mpaka leo. Muuzaji ndiye anayeiagiza na kuilipia, na mnunuzi akiiomba anapewa.

Ndani yake mna vitu vitatu. Kuna ukaguzi wa nyumba pamoja na bei yake, unaofanywa na mthamini aliyesajiliwa na RICS, chama cha kitaaluma cha wathamini. Kuna ripoti ya nishati, ile yenye herufi kuanzia A hadi G. Na kuna dodoso ambalo muuzaji analijaza mwenyewe. Hilo la tatu nitalirudia, maana ndilo lililotaka kutukwamisha.

Mara ya kwanza hatukuchagua chochote. Wakala wa kuuza nyumba alikuja, akasifia madirisha, akatuambia ripoti wataishughulikia wao na malipo ni baadaye, nyumba ikishauzwa. Pauni 595. Wakati ule tulikuwa tunabana matumizi, kwa hiyo neno "baadaye" lilitupendeza. Mthamini akaja siku ya mvua, akakaa dakika 20 kwa saa yangu, akaondoka. Hakuuliza swali hata moja. Kifuniko cha darini hakukigusa, ingawa ngazi nilikuwa nimeiegemeza pale pale chini yake.

Ripoti ilipofika nikaisoma usiku baada ya zamu, kalamu mkononi. Fleti iliwekwa ghorofa ya pili, wakati iko juu kabisa. Ving'ora vya moshi vikaandikwa kuwa havijaunganishwa kimoja na kingine, na mume wangu alikuwa amelipa fundi kuviunganisha vyote: sebuleni, kwenye ujia, na kile cha joto cha jikoni, kama sheria ya Februari 2022 inavyotaka. Nishati tukapewa E, kwa sababu dari iliandikwa haina sufi ya kuzuia baridi. Ipo, na stakabadhi yake ninayo. Kuhusu unyevu, tukapewa namba 1, maana yake hakuna la kufanya. Hilo nililipokea kwa furaha. Laiti ningejua.

Niliomba marekebisho kupitia kwa wakala. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu wakarekebisha ghorofa tu. Hapo mama yangu akaugua na nikasafiri kwenda Tanga, tangazo tukaliondoa. Niliporudi ilikuwa imepita miezi minne. Ripoti haitakiwi kuwa na zaidi ya wiki 12 siku nyumba inapoingia sokoni, kwa hiyo ile ilikuwa imekufa. Tukataka kuhamia kwa wakala mwingine, na ndipo tulipoonyeshwa kwenye mkataba kwamba "baadaye" inageuka "sasa hivi" ukiondoka. Tulilipa zile 595 kwa ripoti ambayo hakuna mnunuzi aliyeiona.

Kuna dada mmoja wa Mombasa ninayesali naye, amekaa Scotland muda mrefu na ameuza nyumba mbili. Nilimweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, yule mthamini ulimchagua wewe au ulichaguliwa?" Nikamwambia nilichaguliwa. "Basi safari hii piga simu mwenyewe, na usianze kwa kuuliza bei."

Nilipiga simu sehemu tatu. Niliuliza nani hasa atakayekuja, na kama huyo huyo ndiye atakayeandika. Niliuliza atakaa muda gani kwenye fleti ya vyumba viwili. Niliuliza kama benki nyingi zinaipokea ripoti yao, kwa sababu mnunuzi akija na benki isiyomtambua mthamini wako, analazimika kuanza upya. Niliuliza pia nikiona kosa nizungumze na nani. Wa kwanza alinipa bei nzuri, pauni 480, lakini kila swali alijibu kwamba itategemea nani yuko zamu. Wa pili hakupiga simu tena kama alivyoahidi. Wa tatu, ofisi ndogo ya watu wachache, aliyepokea simu ndiye mthamini mwenyewe. Akaniambia atakaa saa moja na nusu hivi, akaniomba niwe na karatasi zote mezani, na akanitajia pauni 640, nishati ikiwa ndani. Tulimpa kazi yeye.

Nataka nieleze alivyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo pesa ilipoonekana. Kabla ya kubonyeza kengele alisimama ng'ambo ya barabara na darubini, akaangalia paa, mifereji ya mvua na mabomba ya moshi. Akapanda ngazi akikagua kuta za pamoja. Ndani alipita na kile kipima unyevu chake ukuta kwa ukuta, akaingiza kichwa na mabega darini, akaona sufi, nikampa stakabadhi akaipiga picha. Aliniambia wazi kwamba hainui zulia wala hasogezi samani, ukaguzi huu hauendi huko. Basi nikasogeza mwenyewe. Nilivuta kabati la chumbani, na nyuma yake, pale lilipopita bomba la zamani la moshi, ukuta ulikuwa umebadilika rangi. Kipima unyevu kikalia.

Ripoti ikafika siku ya nne. Unyevu ukapata 3, yaani tengeneza haraka. Mifereji na paa 2, maana yake itahitaji kazi siku za mbele. Mengine karibu yote 1. Nishati ilipanda kutoka E hadi D kwa ile stakabadhi moja tu ya sufi, kwa kuwa mkaguzi asipopata ushahidi anaandika kana kwamba kitu hakipo. Hata ile sehemu ya watu wenye shida ya kutembea aliijaza kwa uangalifu: milango ina upana wa zaidi ya milimita 750, na maegesho huru yako ndani ya mita 25 kutoka mlango wa jengo. Bei aliyoandika ilikuwa pungufu ya ile ya kwanza kwa pauni 3,000.

Niliumia, siwezi kuficha. Nikampigia, akapokea mwenyewe. Akanieleza fleti zipi za mitaa yetu amelinganisha nayo, akaniambia kwamba benki inakopesha kwa kufuata bei hii, na chochote mnunuzi anachoongeza juu yake kinatoka mfukoni mwake. Bei ya kupendeza isiyo na msingi ingetuletea watu wasioweza kufika mwisho. Kuhusu ile 3 alisema nianze na paa, sio rangi. Nilikwenda kwa msimamizi wa jengo, wenyeji wanamwita factor, naye akawaandikia wenye fleti zote nane. Bomba la moshi na paa ni mali ya pamoja, wengi wakakubali, gharama ikagawanywa. Fundi alimaliza ndani ya wiki tano. Mthamini akarudi kwa ada ndogo, akapima ukuta ule ule, akaitoa ile 3 na kurekebisha ripoti. Zile 3,000 zilirudi zote.

Sasa lile dodoso. Hakuna kampuni inayoweza kukujazia, na anayekuambia atakujazia mkimbie, kwa sababu majibu ni yako na mnunuzi atakushika kwayo. Linauliza kodi ya halmashauri, mafuriko, moto, asbesto, madirisha yaliyobadilishwa, kazi zilizofanywa na vibali vyake. Aliyetuuzia alikuwa amevunja ukuta kati ya jiko na sebule. Mara ya kwanza wakala alitusomea maswali kwenye simu mbio mbio, na hapo pa vibali akasema, "Wekeni hamjui, twende." Tukaweka. Mthamini wa pili aliona boriti darini mwa jiko, akauliza kibali cha ujenzi kiko wapi, na cheti cha kukamilika kwa kazi. Hatukuwa navyo. Akatushauri tuongee na wakili kabla ya kutangaza, tusingoje mnunuzi aligundue tatizo hilo. Wakili akaiandikia halmashauri, mkaguzi wao akaja, na baada ya wiki kadhaa tukapata barua kwamba hawana nia ya kutuchukulia hatua. Swali hilo tukalijibu kwa ukweli, barua ikaambatanishwa.

Upungufu wa huyu wa pili upo. Ni ghali kuliko wote niliowauliza. Nafasi ya kumpata ilichukua siku kumi. Na lugha ya ripoti ni ngumu, ilibidi nimpigie mara mbili kuuliza maneno. Mwenye haraka ya wiki moja, huyu hatamfaa.

Tangazo liliingia sokoni Alhamisi. Watu tisa walikuja kuangalia, wawili wakaleta ofa, zote juu ya bei ya ripoti. Wakili wa mnunuzi aliuliza kitu kimoja tu, ule ukuta wa jikoni, na barua ilikuwa tayari kwenye faili. Funguo tulizikabidhi wiki saba baadaye. Juzi yule dada wa Mombasa alinipigia. Mwanawe anauza nyumba Paisley, akataka kujua kama mthamini wangu anafika huko. Nilimuuliza. Anafika.