Miaka miwili na Canon EOS 2000D mjini Goma: kupima mwanga mbele ya mawe meusi

Nimeitumia kamera ya Canon EOS 2000D kwa miaka miwili sasa katika kazi ya kupiga picha za harusi, za ubatizo na za sherehe za kumaliza masomo hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Ninaandika uzoefu huu kwa ajili ya mpiga picha mwenzangu ambaye ameinunua, au anafikiria kuinunua, na anajiuliza kwa nini picha zake hupauka ilhali kamera ni nzima. Sitakaa kwenye habari za pikseli, kwa sababu hizo milioni 24 zinatosha kabisa kwa picha ya kutundika ukutani. Kilichonisumbua, na ambacho baadaye kilinifunza kazi, ni mipangilio ya upigaji, hasa namna kamera inavyopima mwanga katika mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano.

Harusi ya kwanza niliyoipiga nayo ilifanyika katika ua uliozungushiwa ukuta wa mawe meusi. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, jua likiwa karibu utosini. Nilimsimamisha bibi harusi mbele ya ukuta ule, gurudumu la juu likiwa kwenye alama ya kijani ya otomatiki, nikapiga picha zaidi ya 100. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera, chini ya jua kali, kila kitu kilionekana sawa. Usiku nilipozifungua kwenye kompyuta niliona mawe yamegeuka kijivu kama majivu, na lile gauni, ambalo lilikuwa limetariziwa maua tangu shingoni hadi kwenye pindo, limekuwa bapa moja jeupe lisiloonyesha hata uzi. Mama wa bibi harusi alizitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, maua ya kwenye gauni yamekwenda wapi?” Maua yalikuwa yamepotea tangu nilipobonyeza kitufe, na sehemu ya picha iliyoungua kwa mwanga kiasi hicho hairudishwi na programu yoyote.

Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kwamba kinatazama jiwe au gauni. Hupokea mwanga unaorudishwa na vitu vilivyo mbele yake, na kazi yake yote husimama juu ya dhana kwamba vitu hivyo, vikichanganywa pamoja, vitatoa kijivu cha wastani. Fremu ikijaa weupe, kamera hudhani mwanga umezidi na hupunguza. Ikijaa weusi, hudhani mwanga umepungua na huongeza, hata kama jua linachoma. Mpiga picha wa mji wenye kuta za chokaa na mchanga hapatwi na jambo hili kwa namna tunavyopatwa sisi. Mkondo wa lava ya volkano ya Nyiragongo ulipita katikati ya Goma mnamo tarehe 17 Januari 2002, mwingine ukashuka hadi pembezoni mwa mji tarehe 22 Mei 2021, na wakazi wamejenga juu ya miamba hiyo na kwa mawe yake, hivi kwamba msingi wa nyumba, ukuta wa ua na ardhi ya mitaa mingi vina rangi ileile. Kwa hiyo kamera inayofuata dhana ya kijivu huangaza picha kupita kiasi karibu kila inapotolewa nje.

Ili nijue ukubwa wa kosa, nilifanya jaribio adhuhuri moja isiyokuwa na wingu. Niliielekeza kamera kwenye lava tupu iliyojaa fremu nzima, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikiwa 100 na tundu la lenzi likiwa f/8 (namba hii ikikua tundu hupungua), nikaiacha ijichagulie kasi. Ilichagua sekunde 1/125. Kanuni ya zamani ya wapiga picha wa filamu husema kwamba chini ya jua kamili tundu la f/16 huendana na kasi inayokaribia namba ya ISO. Ukiihamishia kanuni hiyo kwenye f/8, kasi inayofaa ni karibu 1/400. Maana yake kamera ilitaka kuingiza mwanga zaidi ya mara tatu ya uliohitajika. Jiwe linaweza kustahimili hilo na bado likaonekana jiwe, lakini kitambaa cheupe kilichosimama mbele yake hakiwezi.

Dawa yake imo ndani ya kamera yenyewe, na ni kufidia mwanga. Hali ya kijani ya otomatiki haikuruhusu kufanya hivyo, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuiacha. Mimi huweka gurudumu la juu kwenye Av, ambapo ninachagua tundu la lenzi na kamera inachagua kasi, kisha ninashikilia kwa kidole gumba kitufe cha nyuma chenye alama ya kujumlisha na kutoa huku nikizungusha gurudumu dogo lililo karibu na kitufe cha kupigia. Kila mguso husogeza mwanga kwa theluthi moja ya hatua, na hatua moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu. Mtu aliyevaa mavazi ya kawaida mbele ya ukuta wa lava ninampiga kwa kutoa theluthi mbili. Ukuta au ardhi nyeusi ikichukua sehemu kubwa ya fremu, ninatoa hatua moja na theluthi. Gauni jeupe likijaza fremu yote, mambo hugeuka na ninaongeza theluthi mbili, vinginevyo linatoka na rangi ya vumbi. Hata ile sanamu ya rangi ya dhahabu ya msukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwenye mzunguko wa Chukudu, ambapo maharusi wengi hupenda kupigwa picha, hudai kuongezewa hatua nzima ukiipiga kutoka chini anga ikiwa nyuma yake, kwa sababu anga ndiyo inayokitisha kipimo na sanamu hubaki kivuli.

Kuna tahadhari moja ambayo ninaisisitiza kwa kila kijana ninayefanya naye kazi. Fidia uliyoiweka haijirudishi kwenye sifuri yenyewe baada ya picha moja. Niliwahi kutoka kwenye ua wa lava na kuingia kanisani nikiwa bado nimetoa hatua moja na theluthi, nikapiga nusu nzima ya ibada katika giza. Niliokolewa na faili ghafi, lile ambalo kwenye menyu limeandikwa RAW, kwa kuwa huhifadhi taarifa nyingi kuliko JPEG, faili ya kawaida ya picha, na giza lake huweza kunyanyuliwa, ingawa chembechembe huongezeka. Tangu siku hiyo macho yangu hutazama fidia hiyo kila ninapovuka mlango.

Wala usihukumu mwanga kwa kutazama kioo tu ukiwa juani. Ukiwa unaitazama picha iliyokwisha kupigwa, bonyeza kitufe cha DISP hadi utokee mchoro wa mgawanyo wa mwanga. Sehemu zilizoungua kabisa zitapepesa kwa weusi. Gauni likipepesa, ninatoa theluthi nyingine na kupiga tena kabla bibi harusi hajaondoka mahali pake. Hii ndiyo ishara ninayoiamini kuliko macho yangu mwenyewe adhuhuri.

Kuhusu nyuso, ninataka kusema kwa uangalifu, kwa sababu ndizo watu wanazozilipia. Kamera hii ina njia tatu za kupima mwanga: inayotathmini fremu nzima, inayopima sehemu ya katikati ambayo ni takriban asilimia 10 ya fremu, na ya wastani unaoegemea katikati. Ninapokuwa na nafasi, ninatumia ile ya sehemu. Ninaelekeza katikati ya fremu kwenye uso, ninabonyeza kitufe chenye nyota ili kipimo kifungwe hapo, kisha ninapanga picha upya na kupiga. Hata hivyo kipimo hicho nacho kina dhana ileile ya kijivu, na uso wa mtu mweusi sana kitauangaza hadi upoteze utajiri wake wa rangi. Ninatoa theluthi mbili kwa uso wa namna hiyo, na kwa mwenye rangi ya maji ya kunde sitoi kitu. Ngozi ya mteja kutoka ilivyo, bila kupaushwa wala kuzamishwa, naiona kuwa heshima anayostahili.

Maharusi wawili wakisimama pamoja, yeye bwana akiwa na suti nyeusi na bibi akiwa na gauni jeupe, nalilinda gauni kwanza. Nilidhani flashi iliyomo ndani ya kamera ingenyanyua nyuso zilizobaki na vivuli machoni, lakini hesabu ilinikatalia: kasi ya juu kabisa ambayo flashi hiyo inaikubali ni 1/200, jambo linalokulazimisha kufunga tundu hadi f/11 kwa ISO 100 chini ya jua, na kwa tundu dogo hivyo nguvu yake haifiki mbali zaidi ya urefu wa mkono. Siku hizi ninamwomba ndugu mmoja wa familia ashike shuka jeupe upande ulio mkabala na jua ili lirudishe mwanga usoni, au ninawahamishia maharusi chini ya mparachichi. Yote mawili hayana gharama.

Rangi ni suala jingine ambalo nilichelewa kulielewa. Sherehe nyingi hapa hufanyika chini ya maturubai ya buluu, na mwanga unaopenya humo hupaka buluu kila kitu, kuanzia sahani za wali hadi meno ya wageni. Mpangilio wa rangi wa otomatiki hujitahidi lakini hautoshi. Ninachofanya ni kupiga picha ya karatasi nyeupe nikiwa chini ya turubai, ikajaza fremu, kisha ndani ya menyu ninaichagua picha hiyo iwe kigezo cha weupe, na mwishowe ninaweka mpangilio wa rangi kwenye kigezo hicho. Huchukua dakika moja kabla wageni hawajaketi. Turubai likiwa na viraka vya rangi mbili, hakuna kigezo kitakachokidhi pote, na hapo ninawaomba wenye sherehe wasogeze meza ya maharusi karibu na upande ulio wazi.

Menyu ninaitumia kwa Kifaransa, kwa kuwa Kiswahili hakimo katika lugha za kamera hii. Jambo hilo limenihuzunisha kidogo, kwani vijana wawili wanaonisaidia walijifunza haraka zaidi nilipowaeleza kwa maneno yetu kama “kufidia” na “kufunga kipimo” kuliko walipokuwa wakikariri yale yaliyoandikwa kwenye kioo.

Ndani ya makanisa na kumbi zenye taa za mirija, niliona mistari ya giza ikikata baadhi ya picha nilipotumia kasi ya 1/250. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za aina hiyo hupwita mara 100 kwa sekunde, na kasi kubwa hunasa kipande tu cha mpwito. Ninabaki kwenye 1/100, na kama watu wametulia, 1/50. ISO 1600 hutoka vizuri, 3200 ninaikubali kwa picha ndogo za albamu, 6400 ninaiogopa. Lenzi inayokuja na kamera, ya milimita 18 hadi 55, tundu lake hupungua hadi f/5.6 ukivuta mwisho, na ndiyo inayokusukuma kwenye ISO hizo. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ilinipa nafuu kubwa kuliko mpangilio wowote ule.

Fokasi sina mengi ya kuisemea. Kuna vituo tisa, na cha katikati ndicho chenye nguvu, basi ninatumia hicho peke yake. Kwa chukudu inayoteremka na mzigo wa viazi ninaweka fokasi ya kufuata na kasi ya 1/500. Picha tatu kwa sekunde, ambazo ndizo uwezo wa kamera hii, zinakudai ubonyeze kwa wakati wake badala ya kushikilia kitufe na kutumaini. Betri imepimwa na watengenezaji kwa picha 500 hivi, na kwa sababu ya kukatika kwa umeme ninatembea na tatu.

Mtu anayeanza kazi hii Goma, mwenye fedha za kamera moja tu, ninampendekezea hii bila kusita, mradi fedha zitakazobaki aziweke kwenye lenzi ile ya milimita 50 na betri ya pili. Anayepiga mechi za mpira, au anayefanya kazi nyingi za usiku katika kumbi zenye giza, atafute yenye fokasi ya haraka na ISO safi zaidi, hata kama ni iliyokwisha kutumika. Mwaka huu niliitwa tena katika ule ua wa kwanza, kwa harusi ya mdogo wake yule bibi harusi. Nilifika saa nne asubuhi, kabla jua halijapanda utosini, nikapima ukuta, nikatoa hatua moja na theluthi, na picha ya kwanza niliyomwonyesha mama yao ilikuwa ya pindo la gauni.