Soko la Hakaniemi, Helsinki, kwa mpishi asiyekula nyama

Mtu asiyekula nyama anayetaka kujifunza mapishi ya asili ya Ufini hupokelewa kwanza na vyakula vinavyosifiwa sana kwa wageni: nyama ya poro, yule mnyama wa kaskazini wa jamii ya kulungu, mchuzi wa nyama wa Karelia unaoiva polepole ndani ya oveni, na kalakukko, mkate wa nafaka ya rai uliojazwa samaki na nyama ya nguruwe. Wengi huishia kununua nyama ya mimea na kuitia mahali pa ile ya kweli. Kwa maoni yangu njia hiyo inamnyima mpishi sehemu iliyo bora zaidi, kwa sababu chakula cha kila siku cha mkulima wa Kifini wa zamani kilitokana zaidi na rai, shayiri, maziwa, mizizi na matunda ya msituni. Vitu hivyo vyote nimevipata chini ya paa moja, katika soko la ndani la Hakaniemi.

Jengo lenyewe ni la matofali mekundu, lilifunguliwa mwaka 1914, na lilifungwa kwa ukarabati mkubwa mwaka 2018 kabla ya kurejeshwa kwa wafanyabiashara mwaka 2023. Vyakula viko chini. Ghorofa ya juu ni ya nguo na kazi za mikono, nayo mpishi anaweza kuipita.

Anza na karjalanpiirakka, kiandazi cha unga wa rai chenye uji mzito wa wali katikati, ambacho mapishi yake ya jadi yalisajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2003. Hakina nyama, na huliwa kwa siagi iliyopondwa pamoja na mayai ya kuchemsha. Ni vema kukila sokoni kwanza ili ujue ganda linavyopaswa kuwa jembamba, kisha ununue unga wa rai ukajaribu nyumbani, katika oveni yenye moto mkali sana, na kukipaka siagi iliyoyeyushwa mara tu kinapotoka ili ganda lilainike.

Utajiri wa kweli, hata hivyo, uko kwenye meza za mboga, hasa majira ya baridi yanapokaribia. Hapo utapata lanttu, mzizi mkubwa wa manjano kwa ndani, unaopondwa, ukachanganywa na krimu, shira na kungumanga, kisha ukaokwa kwa ajili ya Krismasi. Msomaji wa pwani atafurahi kukuta kungumanga humo, na iliki katika mikate mitamu ya Kifini. Lakini chakula ninachokipenda kuliko vyote ni viazi vya kuoka vya mkoa wa Häme, ambavyo utamu wake hautokani na sukari. Viazi vilivyopondwa huchanganywa na unga kidogo wa ngano, vikaachwa mahali penye joto kwa saa kadhaa, na vimeng'enya vya unga vikaigeuza wanga kuwa sukari. Joto likizidi sana vimeng'enya hufa na utamu haupatikani. Mimi hulizuia lisipite nyuzi 70. Baadaye huongezwa maziwa, na bakuli likaokwa taratibu hadi rangi ya juu iwe kahawia. Sijui chakula kingine cha Kifini kinachodai subira kiasi hicho na kuilipa vizuri namna hiyo.

Supu ya njegere kavu, ambayo Wafini huila siku ya Alhamisi, kwa kawaida hupikwa na nyama ya nguruwe. Nyama hiyo inaweza kuachwa bila hasara: loweka njegere usiku kucha, kaanga vitunguu hadi vikolee rangi, tia majani makavu ya majoramu, na uandae haradali pembeni. Anayekula supu nje aulize mchuzi umetengenezwa kwa nini, kwani supu ya mboga inaweza kuwa na mchuzi wa nyama ndani yake.

Tahadhari mbili ni za lazima. Uyoga uitwao korvasieni, unaouzwa majira ya kuchipua, una sumu ukiwa mbichi, na ni lazima uchemshwe zaidi ya mara moja kwa maji mengi yanayomwagwa kila mara. Asiye na uzoefu achague uyoga mwingine. Pia jibini la leipäjuusto, linaloliwa na matunda ya lakka yenye rangi ya dhahabu, linaweza kuwa limegandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama, hivyo anayejizuia kabisa na asili hiyo amuulize muuzaji.

Bei ziko juu kuliko za maduka makubwa, na kwa viazi au kabichi sioni sababu ya kulipa ziada. Kwa mkate, jibini, uyoga na matunda ya porini ziada hiyo inastahili, kwa kuwa muuzaji anajua bidhaa yake na anaeleza namna ya kuipika. Mapishi yenyewe yanapatikana bure kwenye tovuti ya Martat, jumuiya ya elimu ya nyumbani iliyoanzishwa mwaka 1899. Anayetembelea karibu na Pasaka atafute mämmi, uji mzito mweusi wa rai na kimea uliookwa, wenye harufu ya ganda la chungwa chungu. Hauna nyama, maziwa wala yai, na krimu ya kumimina juu ni hiari ya mlaji.