TAHADHARI: "Bei ya Zanzibar" na maduka ya Darajani yasiyokuwepo

Ndugu zetu wa Bara, na nyinyi wa Pemba mnaoagiza vitu mjini kwa simu: kama kuna duka la mtandaoni linalojiita la Zanzibar na linakutaka utume hela, soma hapa kwanza.

Facebook, Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp zimejaa kurasa zinazouza televisheni, friji, simu, mashine za kufulia na hata pikipiki kwa kinachoitwa "bei ya Zanzibar". Televisheni ya inchi 55 laki mbili na nusu. iPhone mpya ndani ya boksi laki tatu. Maelezo ni yale yale kila ukurasa: Zanzibar hakuna kodi, mzigo umeshuka bandarini moja kwa moja kutoka Dubai, tajiri kaamua kuwasaidia wenzake. Mimi nakaa hapa hapa mjini Unguja, na Darajani, kwenye hayo maduka, napita kila nikienda sokoni. Televisheni ya inchi 55 kwa bei hiyo haipo. Kodi ipo na tunalipa. Kuna vitu utavikuta rahisi kidogo kuliko Kariakoo, kweli, lakini si kwa robo ya bei.

Kinachoniudhi zaidi ni namna wanavyojivika sura yetu. Picha ya ukurasa ni mzee wa kanzu na kofia ya viua. Salamu ndefu, kamili. Ukionesha wasiwasi unaambiwa "Wallahi sisi huku hatudhulumu mtu". Halafu linakuja neno linalowalegeza wengi: hutolipa chochote mpaka mzigo ukufikie, utachangia usafiri tu, elfu thelathini. Ukituma, unaletewa picha ya boksi lililoandikwa jina lako kwa kalamu nene nyeusi. Watu wakiliona jina lao pale basi wameshaamini, wakati boksi na kalamu anavyo kila mtu.

Kesho yake anapiga mwengine, sauti kavu, anajitambulisha kuwa afisa wa forodha. Mzigo wako umezuiliwa bandari ya Dar es Salaam, ushuru laki moja na themanini, usipolipa leo unataifishwa. Ukilipa, inakuja bima. Ukilipa bima, kinakuja kibali. Wanajua kwamba aliyekwishatoa elfu thelathini ataona uchungu kuziacha.

Binti mmoja wa ukoo wetu aliyeolewa Morogoro alinipigia: "Kaka, nenda kaniangalizie duka moja, wameandika lipo Darajani, mtaa wa Wete."

"Mdogo wangu, Wete ipo Pemba. Kuna bahari katikati."

Hela ya usafiri keshatuma. Akanisomea na ujumbe wa mwisho: mzigo unapakiwa kwenye basi la saa kumi na mbili asubuhi, kutoka Zanzibar kwenda Morogoro. Basi! Hata hivyo nilikwenda kuulizia kwa ile picha ya duka. Duka lipo kweli, mwenyewe nikamkuta. Akaitazama simu, akasema: "Duka langu hili, hata paka wangu huyo yupo juu ya boksi. Namba ndiyo siijui." Anasema si mara ya kwanza kuletewa picha hiyo, na wapo wanaofika pale na hasira wakidhani yeye ndiye aliyewala.

Sasa shikeni hili la ushuru, maana ndipo hela nyingi zinapokwenda. Bidhaa kutoka Zanzibar kuingia Bara hukaguliwa na forodha, hilo ni kweli, na ndilo linaloufanya uongo wao uonekane wa kweli. Lakini malipo ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hufanywa kwa kontroli namba, yanaingia serikalini. Hakuna afisa anayepokea ushuru kwenye namba yake ya simu, awe wa Unguja, wa Dar au wa wapi. Na hata kwa malipo ya duka, ukitajiwa namba ya mtu, na jina linalotokea kwenye simu yako kabla ya kuweka namba ya siri silo la duka wala la huyo unayezungumza naye, acha hapo hapo. Watakwambia ni jina la mhasibu, au la mke wake. Acha tu.

Kumjaribu muuzaji ni rahisi. Mpigie kwa video, mwambie atoke nje ya duka akuoneshe barabara. Mwenye duka la kweli Darajani atakuonesha barabara, daladala na kelele zote. Tapeli ataleta udhuru wa mtandao, au atasema wao wana stoo tu na haingiliki. Mwambie pia kwamba una ndugu yako mjini atakuja kulipa mkononi. Wengi wanakublok papo hapo. Instagram nayo, ukiingia sehemu ya maelezo kuhusu akaunti, kurasa nyingi zinaonesha zilifunguliwa lini na kama jina limewahi kubadilishwa. Duka la "tangu 2009" lililofunguliwa mwezi uliopita halihitaji maelezo zaidi. Wafuasi msiwategemee, wananunuliwa. Na ukurasa uliofunga maoni, mimi sinunui hata sindano.

Kwa aliyekwishatuma: piga 100 kwa mtandao wako mara moja, maana hela ikiwa haijatolewa kuna uwezekano wa kuizuia. Namba ya tapeli iripoti kwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia 15040. Kisha nenda polisi hapo hapo ulipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Visiwani, huna haja ya kupanda boti kuja kushitaki huku. Usifute ujumbe kwa hasira, hasa ule wa muamala wenye jina na namba ya kumbukumbu.

Na ukishalalamika hadharani kwamba umetapeliwa, tegemea kutafutwa na "mtaalamu" anayejua kurejesha hela, anataka elfu ishirini tu ya kuanzia. Usimpe.