Suji ya Darajani na Neno Nililoambiwa

"Suji ni suji, bi mkubwa. Kasoro ni mkono wa mpishi." Maneno hayo niliambiwa na mwenye duka mmoja wa Darajani, sokoni hapa mjini Unguja, mbele ya wateja wengine, nikiwa nimeshika mfuko wa suji yake iliyobaki, na mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka.

Ijumaa moja ya karibuni mavyaa wangu alivuka kutoka Pemba pamoja na wifi zangu, nami nikaahidi kwamba baada ya biriani watakula basbusa, ile keki ya suji inayonyweshwa shira ya sukari, kwa kuwa mavyaa meno yake hayawezi tena visheti, na basbusa iliyokunywa shira yake vizuri haina haja ya kutafunwa sana. Nilikwenda katika duka hilo nikaomba kilo 1 ya suji ya chenga, yaani ile ya punje nene. Kijana wa mzani akachota kwenye gunia. Nilipouliza kama ile ndiyo ya chenga, aliyejibu ni mwenye duka, bila ya kuinua macho kwenye simu yake: "Ndiyo hiyo."

Haikuwa. Kila anayepika basbusa anajua kwamba kazi yote inategemea chenga, kwani punje nene hunywa samli na mtindi, huvimba, huachiana nafasi, na shira ikimiminwa hupenya mpaka chini ya trei, ilhali suji laini hushikana ikawa kama ugali uliolala. Mimi huisugua suji na samli kwa vidole mpaka kila punje ing'ae, nikatia sukari na mtindi, nikaiacha kwa dakika 30 kabla ya kuitia kwenye oveni. Siku hiyo vidole viliniambia mapema, maana ile suji ilikuwa ikiteleza kama poda wakati ilipaswa kukwaruza, lakini wanaume walikuwa wamekwishatoka kwenda msikitini na nafasi ya kurudi sokoni sikuwa nayo.

Juu ilipiga rangi nzuri, na lozi zilikaa kila moja katikati ya kipande chake. Nilipopitisha kisu kikatoka na utandu mweupe, mzito. Shira niliyoichemsha kwa vikombe 2 vya sukari na kikombe 1 na nusu cha maji, ikiwa na iliki na marashi ya mawaridi, niliimimina ikiwa imepoa juu ya basbusa ya moto kama inavyotakiwa, nayo ikatuama palepale juu. Mavyaa alikula kipande chake chote kwa adabu, akaomba maji mara mbili, wala hakusema kitu. Afadhali angesema.

Nilirudi dukani kesho yake bila ya kudai fedha. Nilisema tu, "Mwanangu, hii si ya chenga, msije mkawauzia na wengine hivi," ndipo nikajibiwa hayo niliyoyataja. Nimepika basbusa tangu nilipoolewa, na watoto wangu wote wamekula kwa mkono huo.

Kwa haki, iliki ya duka hilo ni kavu na inanukia, na mchele wake hauna mawe. Yule kijana wa mzani alinifuata mpaka nje, akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe mama, ya chenga ilikwisha tangu juzi." Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia wenzangu waendelee kununua viungo hapo, suji tu waitafute kwingine. Lakini ikiwa ya chenga ilikwisha na mwenye duka anajua, basi ile "ndiyo hiyo" ilikuwa uongo. Kosa la gunia ningelisamehe siku ileile. Hili la kunidanganya kisha kunitweza mbele za watu silisamehi, na hata iliki yake siitaki tena.

Anayenunua suji ya kupimiwa aombe kwanza kidogo kiganjani aisugue: ya chenga hukwaruza, na ile ya ngano ngumu huelemea rangi ya manjano. Ndivyo nilivyofanya katika soko la Mwanakwerekwe, nikapika tena usiku wa kuamkia safari ya wageni. Asubuhi mavyaa alikula vipande viwili kwa chai ya rangi, na vilivyobaki akaniambia nimfungie kwenye kopo apande navyo boti.