Kikaushio cha matunda: papadi ya embe imetoka tamu, lakini duka lile silikanyagi tena

Natanguliza hili kabisa: papadi ya embe, yaani rojo la embe lililokaushwa hadi likawa karatasi ya kutafuna, ilitoka, ikakunjika, ikaliwa. Nalisema mapema asije mtu akaniambia sijui kutumia mashine. Kinachonichoma mimi ni boksi.

Boksi la kikaushio nilichonunua Kariakoo lina picha ya trei tano zimepandiana, na kila trei imejaa papadi ya embe inayong'aa. Nyingine zimeviringishwa pembeni kwenye sahani, na mtoto wa Kizungu anang'ata moja huku akicheka. Nafika nyumbani, nafungua: trei tano kweli, zote za matundu matundu. Ile plastiki bapa isiyo na matundu, ya kumwagia rojo, iko moja. Nikalipindua boksi, nikalipiga makofi kwa nyuma. Moja.

Kwa asiyejua: embe la kusaga ni majimaji. Ukilimwaga kwenye trei ya matundu linapita lote, linakwenda kuiangukia feni. Ndizi au nanasi la vipande utalilaza tu kwenye matundu na maisha yanaendelea, lakini papadi haina ujanja, lazima ilale juu ya kitu bapa. Kwa hiyo ukiwa na plastiki moja unakausha karatasi moja ya embe usiku kucha huku trei nne zimekaa tupu na mita inazunguka vile vile. Ni sawa na kukodi Coaster nzima kwenda Bagamoyo ukapanda peke yako.

Na sikukinunua kwa starehe. Mama mkwe yuko Tabora, na mwenye ndugu Tabora anajua msimu wa maembe ukifika kinachotokea: viroba vinashushwa kwenye basi, embe zote zinaiva wiki moja, jirani anapewa hadi anaanza kujificha. Miaka iliyopita nilikuwa nakausha juani, rojo kwenye sinia, chandarua juu. Sasa jua lenyewe la Dar kipindi cha mvua za vuli mnalijua. Linatoka saa nne, saa nane wingu, hewa nzito ya unyevu, na embe lisilokauka haraka linachacha. Jioni unanusa sinia linanukia pombe. Bado hujahesabu inzi, bado hujahesabu kunguru wa mji huu ambao chandarua kwao ni mwaliko. Kwa hiyo nilipoona mashine inayokausha ndani ya nyumba, tena na picha ya kitu kile kile ninachokitaka, sikubishana sana na bei.

Siku ya kununua kijana wa duka alikuwa "karibu dada, karibu mpendwa, hiki ndicho wanachochukua akina mama wajasiriamali". Niliporudi na boksi kwapani, nimebanwa kwenye mwendokasi nusu safari boksi likiwa tumboni kwa mzee wa watu, udada ulikuwa umekwisha.

"Kaka, habari za saa hizi. Hiki nilichukua kwako juzijuzi, plastiki zake hazijatimia."

Hakuinua macho kwenye simu. "Inakujaga moja."

"Kwenye picha ziko tano."

Hapo ndipo akaniangalia. "Mama, kwani ulinunua mashine au ulinunua picha?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikavumilia. Nikamwambia kwa upole kwamba picha ndiyo iliyonifanya ninunue, maana boksi lote halina neno moja la Kiswahili, ningejuaje kilichomo? Akaishika ile picha kwa kidole, pale kwenye yule mtoto anayecheka. "Na mtoto yupo hapa. Nikupe na mtoto?"

Jamani. Kuna mbeba mizigo alicheka mpaka akatua mzigo chini. Mteja mwingine, mama mtu mzima kabisa, naye akaficha mdomo kwa khanga. Mimi nimesimama na boksi langu, jasho linanitoka, sina la kusema, na mnajua majibu mazuri yanavyokuja ukishafika nyumbani.

Nikaomba basi wanibadilishie au wanirudishie pesa. Akanionyesha mhuri mwekundu chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Risiti yenyewe ya kuandikwa kwa mkono. Nikauliza, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iko wapi? Akasema bei aliyonipa ilikuwa ya bila risiti. Nani alinipa hiyo hiari? Sikuulizwa! Halafu, na hapa ndipo damu ilipochemka, ninageuka niondoke, ananiitia kwa nyuma: "Mama, zile plastiki zinauzwaga pembeni, ila kwa sasa zimeisha."

Yaani zipo. Wanajua mtu anazihitaji. Wanazitoa wakuuzie mara ya pili, halafu unaambiwa umenunua picha.

Mdogo wangu aliyesomea mambo ya sheria akaniambia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kabisa kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiko kwa kupeleka malalamiko ya namna hiyo. Nilipanga kwenda. Nikaandaa risiti, nikapiga picha boksi pande zote. Kisha maembe yakaanza kulainika kwenye kiroba, na embe halisubiri kesi.

Haya, mashine. Nilinunua karatasi ya kuokea keki, nikakata mapande manne ya ukubwa wa trei, nikamwaga rojo, nikapandisha trei zote tano. Asubuhi ya chini imekauka hadi inavunjika, ukiikunja inalia kah. Ya juu kabisa ni uji. Kitabu cha maelekezo kinasema saa sita hadi nane, basi, hakitaji kitu kingine.

Sababu nimeielewa kwa kuitazama tu mashine inavyofanya kazi. Hii yangu ya trei za kupandiana feni na kipasha joto viko chini, hewa inapanda ikipita kwenye matundu. Ukitandika karatasi trei nzima umeziba njia. Trei ya kwanza inachomwa, ya tano inapata pumzi za mwisho. Nilitumbukiza kipimajoto cha jikoni: kitufe nimeweka 60, chini kinapita 65 na juu hakifiki 55. Zile mashine za umbo la kabati, feni yake iko mgongoni na inapuliza kwa ubavu, hazina shida hii, na mwenye nia ya kufanya papadi tu aende huko moja kwa moja kama mfuko unaruhusu. Wa kwangu haukuruhusu. Kwa hiyo nakata karatasi ndogo kuliko trei, naacha mwanya wa vidole viwili pembeni na tundu la katikati liwe wazi, napandisha trei tatu badala ya tano, na kila saa mbili hivi naamka kuzihamisha, ya chini juu, ya juu chini. Ndiyo, naamka. Mashine ya kuniletea raha inaniamsha usiku kuliko mtoto mchanga aliyewahi kukaa nyumba hii.

Ila nisiwe mchoyo wa ukweli. Ikitoka vizuri, inatoka vizuri kweli.

Embe liive hadi linanukia chumba kizima, dodo ndiyo nayopenda kwa nyama yake, zile ndogo za kienyeji zenye nyuzi nazo zinafaa lakini upitishe kwenye chujio, la sivyo utakula kamba. Blenda, bila tone la maji. Ndimu kijiko kikubwa kimoja kwa vikombe viwili hivi vya rojo, inazuia rangi isigeuke kahawia na inakata ule utamu wa kukinaisha. Sukari ya nini? Embe la Tabora lina sukari yake. Ukimwaga, sambaza kwa mwiko bapa, kingo ziwe nene kidogo kuliko katikati, milimita tatu katikati, tano au sita pembeni, kwa sababu kingo ndizo zinazokauka kwanza na zikiwa nyembamba zinapasuka. Joto 60. Saa msizifuate, fuateni kidole: gusa katikati kabisa, kidole kisiache shimo na kisinate. Katikati ikiwa bado inang'aa kama imelowa, rudisha.

Halafu kuna ile dakika ya kubandua. Unaanza na kucha kwenye kona, inasitasita, kisha inaachia yote kwa mkupuo na sauti ndogo ya kuchanika, na ukiinyanyua kwenye mwanga wa dirisha unaona upande wa pili, rangi ya chungwa iliyokolea, na nyuzi mbili tatu zilizonusurika kwenye chujio zimelala ndani yake. Ikunje ikiwa bado na uvuguvugu. Ikipoa inakuwa mbishi.

Kundi moja nililitia chumvi na pilipili ya unga, tamu-kali kwa mtindo wa achari za Mombasa ila bila ile rangi nyekundu ya kuchafua vidole. Hilo halikufika mchana. Baba watoto, ambaye siku ya kununua alisema nimepeleka ada ya shule Kariakoo, nilimkuta amesimama jikoni gizani anatafuna. Jirani yangu Mhindi, tulikuwa naye Upanga kabla sijahamia Tabata, akaonja akasema aam papad ya kwao inawekwa sukari nyingi zaidi lakini hii ana uwezo wa kuila kila siku. Kwa mama yule, hiyo ni shahada.

Kwa hiyo nilitaka kutoa nyota nne. Kweli kabisa, nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba mashine ni nzuri na duka ni baya, mtenganishe. Umeme wenyewe si wa kutisha, usiku mmoja unakula kama uniti tatu, nne ukiwa na trei zilizojaa. Makelele ni ya feni ya kawaida. Embe zilizokuwa zinaozea uani mwaka huu zimo kwenye makopo, nimezikunjia nailoni moja moja zisishikane, maana kwa unyevu wa pwani papadi ukiiacha wazi siku mbili inaanza kunata tena. Kwenye kopo lisiloingiza hewa inafika mwezi bila neno, na kwenye friza inakaa hadi msimu mwingine.

Lakini ngojeni. Nzuri kwa nani? Kwa anayeamka usiku? Kwa anayekata karatasi kwa mkasi kila siku, karatasi ambayo inakunjamana rojo likilowesha, papadi inatoka na mistari ya makunyanzi, na mara nyingine inang'ang'ania hadi unakula embe na karatasi? Ile plastiki moja iliyokuja haina tabu hiyo hata kidogo, ina tundu lake la katikati, ina ukingo wa kuzuia rojo, unaifuta kwa kitambaa imekwisha. Waliotengeneza mashine walijua kinachotakiwa. Wakatengeneza. Wakaipiga picha mara tano! Mtu fulani kati ya kiwanda na kaunta ile ya Kariakoo akaamua mimi ninastahili moja, na aliyekuwa zamu siku ile akaona anichekeshee watu.

Nyota mbili basi. Au tatu kwa ajili ya ile ya pilipili. Siku ile umeme ulipokatika saa saba usiku na trei zimejaa, ukarudi alfajiri, nikakuta rojo la trei ya juu limeanza kunukia ule uchachu wa zamani wa kwenye sinia, ningetoa sifuri, na mashine haikuwa na kosa lolote. Nimwage hasira kwa nani? Nikamkumbuka yule kijana na kidole chake kwenye picha. Nikuambieni ukweli, hata nikibandua papadi nzuri namkumbuka.

Anayetaka kununua, afungue boksi pale pale dukani, mbele ya muuzaji, kabla pesa haijatoka mkononi. Ahesabu plastiki bapa, asihesabu trei. Adai risiti ya EFD hata akiambiwa bei inapanda. Na akiona anaitwa mpendwa zaidi ya mara mbili, aondoke.

Mimi kukiuza sikiuzi. Jirani wa chini ameshanitajia bei, nikamjibu asubiri, maana kuna mapera yanakuja kutoka Muheza na nina hamu ya kuyajaribu na tangawizi kidogo. Mwenye kujua duka lingine linalouza zile plastiki bapa zenyewe, za duara, zenye tundu katikati, anielekeze. Nahitaji nne. Nitakwenda na mkanda wa kupimia, na picha ya boksi nitaiacha nyumbani.