Fremu ya nakshi ya elfu sita na nusu, uzoefu wangu

Kila mgeni akiingia sebuleni anauliza ile fremu ngapi, nikimwambia elfu sita na mia tano anacheka, eti Mombasa za plastiki ziko hadi za mia tano. Ni kweli ziko, hata mimi nilianza na ya bei rahisi.

Picha yenyewe ni ya harusi ya wazee wangu, iko moja tu, negativu ilipotea zamani. Fremu ya kwanza ilikuwa ile ya unga wa mbao juu wamebandika karatasi ya rangi ya mti, na nyinyi mnajua upepo wa chumvi wa huku Lamu, mvua za kusi zilipoanza ikafura kama andazi, kona zikaachia, vibanio vya nyuma vikaliwa na kutu, kumbe ndani picha ishagandana na kioo. Kuibandua, bega la mamangu likabaki kwenye kioo. Roho iliniuma jamani.

Ndo nikaenda kwa fundi mmoja huku mji wa kale, wale wachonga milango. Akanitolea mbao ya mbambakofi, mti mgumu, nzito kama jiwe. Mimi nashangaa maua ya nakshi, yeye akaniambia "mwanangu, ua hata huyu kijana anachonga, kazi ni kona". Akaigeuza nikaona, kila kona kapitisha kijiulimi cha mbao kushika pande mbili, msumari hakuna, na chini ya kioo kaweka kadi nene kuzunguka picha ili isiguse kioo tena. Mwaka na kitu sasa, kona hata unywele haupiti.

Lakini msidhani nasifia tu. Aliniambia wiki mbili nikangoja karibu miezi miwili, kila nikipita ni "kesho inshallah". Halafu ni nzito, ukuta wetu wa mawe ya matumbawe msumari wa kawaida ukatoka na donge zima la chokaa, ikabidi drili na plagi, mia tatu nyingine hizo.

Na angalieni wanaouza fremu za "mbao za jahazi", yaani eti zimetoka kwenye majahazi makuukuu, nimeona duka moja mbao mpya imetobolewa tobolewa ikapakwa rangi ikakwaruzwa na msasa, bei mara mbili. Tundu la msumari wa chuma uliokaa baharini huwa na weusi umeingia ndani ya mbao, la drili ni safi tu.

Picha zangu za simu bado ziko kwenye za plastiki, zikiharibika naprinti tena, siwezi kutoa elfu sita kwa selfi. Hii ya harusi ningelipa hata zaidi. Dadangu wa Malindi naye sasa anataka yake kabla ya Maulidi, nimemwambia kama ni fundi huyuhuyu basi aagize leo.