Mvinyo uliopikwa na jua la Masaki, na majibu niliyopewa kaunta

Nimekaa na jambo hili muda, nikisubiri hasira ishuke ndiyo niandike. Haijashuka. Naandika hivyo hivyo.

Kuna duka la vinywaji upande wa Masaki. Jina silitaji, ila anayenunua mvinyo maeneo yale akisoma mpaka katikati atakuwa ameshalijua. Ndilo duka nililokuwa nikiwaelekeza watu wote. Mashoga zangu, wenzangu kazini, hata wifi yangu ambaye hanywi lakini hununua za zawadi. Mtu akiniuliza apate wapi mvinyo mwekundu wa maana kwa bei isiyomliza, jibu langu lilikuwa moja.

Na sababu nilikuwa nayo. Maduka mengi ya hapa Dar, rafu ya mvinyo mwekundu ni Afrika Kusini kutoka juu hadi chini, na Dodoma kidogo pembeni, basi. Siisemi vibaya Afrika Kusini. Pinotage ni zabibu yao wenyewe, Abraham Perold aliizalisha Stellenbosch mwaka 1925 kwa kupandanisha Pinot Noir na Cinsaut, na ukipata ya mtengenezaji makini ina harufu fulani ya moshi inayokwenda vizuri mno na nyama choma. Shiraz ya Swartland nayo naipenda. Lakini mtu unachoka kunywa nchi moja mwaka mzima. Hawa walikuwa na Chile, Argentina, Hispania, Ureno, kusini mwa Ufaransa, Italia, na bei zao zilikuwa za kiungwana.

Kwa hiyo mjomba wangu alipostaafu, ukoo ukaamua kumwandalia chakula cha jioni nyumbani kwa dada yangu Mikocheni, mimi nikakabidhiwa vinywaji. Sikuhangaika kutafuta duka. Ilikuwa kile kipindi cha joto kabla masika hayajaanza, usiku hata shuka linakuganda mwilini. Sharti nililopewa: chupa isizidi elfu hamsini.

Elfu hamsini inatosha kabisa ukijua inakokwenda. Nieleze kidogo hapa, maana hili huwa naulizwa. Bordeaux, ile ya Ufaransa, ya elfu hamsini siigusi. Kwa bei hiyo sehemu kubwa ya hela unalipia jina, na nilizowahi kuonja nyingi zilikuwa nyepesi, chachu, na ukakasi unaokausha ulimi. Hela ile ile ukiipeleka kusini zaidi unapata Côtes du Rhône, zabibu ya Grenache ikiwa imechanganywa na ya Syrah, mvinyo mzito kiasi, una pilipili manga ndani yake, ukiuweka na pilau kila kimoja kinamheshimu mwenzake. Hispania natafuta Rioja iliyoandikwa Crianza. Hiyo inabanwa na kanuni zao: mvinyo mwekundu lazima uwe umetunzwa angalau miaka 2 kabla haujaingia sokoni, na mwaka 1 kati ya hiyo uwe ndani ya mapipa ya mwaloni. Yaani kuna mtu kashakusubiria, kashalipia pipa, kashalipia ghala, na bado chupa inafika Dar unaimudu. Nyuma ya chupa kuna muhuri wao, wa Crianza ni mwekundu, huhitaji kujua Kihispania.

Chile nachukua Carmenère. Zabibu hii asili yake ni Bordeaux, ikapelekwa Chile karne ya 19, na wakulima wakaendelea kuichanganya na Merlot mpaka mwaka 1994, mtaalamu wa Kifaransa Jean-Michel Boursiquot alipopita shambani akaitambua. Kwangu ndiyo nyekundu inayokupa kingi zaidi kwa bei yake: laini, ina harufu ya pilipili hoho, na haina makeke. Argentina ni Malbec ya Mendoza. Mashamba yako juu, mengi kwenye mita 1,000 hivi au zaidi, chini ya milima ya Andes, mchana jua kali na usiku baridi, ndiyo maana zabibu zinaiva sawasawa na bado uchachu wake haupotei. Ureno na Italia nitaandika siku nyingine. Leo sina moyo.

Nikabeba hizo nne kwa idadi ya kutosha meza. Na nikaongeza chupa ya Dodoma, mvinyo mkavu, kwa sababu mjomba amefanya kazi kule miaka mingi na nilitaka aikute mezani. Hii ya Dodoma sikuinunua Masaki. Niliichukua grosari ya mtaani kwetu, kutoka kwenye friji.

Sasa sikiliza. Nafungua Rioja ya kwanza, naona kizibo kimejisukuma juu, kimepita mdomo wa chupa. Chini ya kile kibati laini kuna utelezi uliokauka, mvinyo umevuja ukakaukia pale. Nikamimina. Rangi imeelekea kahawia. Nikanusa: jemu. Jemu iliyoungua chini ya sufuria. Ule mwaloni, zile cheri ninazozijua za Crianza, hakuna kitu. Nikafungua ya pili, vile vile. Côtes du Rhône ilikuwa na nafuu kidogo, lakini nayo imelegea, haina uhai. Mjomba akaonja, akakaa kimya, akaniambia kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Mwanangu, hii ilikaa wapi?" Mtu mzima yule, siku yake ya heshima, ndiye ananilinda mimi aibu. Sitasahau. Carmenère na Malbec zilikuwa salama, na Dodoma ndiyo iliyomalizika ya kwanza. Mjomba mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwamiminia wageni, anawaeleza kwamba kule zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na kwamba Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Furaha yake niliiona. Lakini mimi moyoni nilikuwa nawaka.

Maana hili si suala la ladha. Mvinyo mwekundu unataka kulala kwenye nyuzi 12 hadi 15 hivi. Dar kipindi kile mchana ni zaidi ya nyuzi 30, na nyuma ya kioo chenye jua hata sijui tuseme ngapi. Chupa ikipata moto kimiminika kinatanuka, kinasukuma kizibo, kinavuja. Ikipoa usiku inavuta hewa ndani. Siku chache tu za hivyo, kwisha. Hakuna nchi wala mwaka wa mavuno utakaouponya. Nikakumbuka rafu ya Hispania na Ufaransa pale dukani iko wapi: imeegemea kioo kikubwa cha mbele, kinachopigwa na jua la alasiri. Chile na Argentina ziko ukuta wa ndani, kivulini. Ikaniingia akilini mara moja.

Siku mbili tatu baadaye nikarudi. Nimebeba chupa moja iliyofunguliwa, mvinyo umo karibu wote, nyingine ambayo haijafunguliwa, kizibo chake kimetokeza mtu yeyote anakiona, na risiti ya EFD. Nimevaa vizuri, nimesalimia vizuri. Kaunta alikuwepo msimamizi, kaka wa umri wangu tu. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba hizi zimeharibika kwa joto, naomba mnibadilishie. Sikuomba hela. Naomba mbadilishe tu.

Hakuishika chupa. Akaitazama kwa mbali, akasema, "Dada, hii ni waini ya Hispania. Ndivyo ilivyo. Mkizoea hizi za Dodoma, lazima hii muione mbaya."

Nikamwambia, "Kaka, naomba uonje."

"Mimi siko hapa kuonja."

"Basi inuse tu."

Akanyoosha kidole ukutani. Kuna karatasi wamebandika, BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Halafu akasema, na hili ndilo linalonikosesha usingizi, "Dada, sogea pembeni kidogo, kuna wateja."

Kuna wateja! Na mimi niliyeshika risiti ni nani?

Nikasogea. Nilisogea kwa sababu nililelewa kutogombana madukani. Na pale pembeni ndipo nilipoona kilichonifanya niandike haya yote. Nyuma yangu alikuwa mteja mmoja mgeni, mzungu, na yeye anataka Rioja. Crianza ile ile, lebo ile ile. Alikuwa ameshaichukua chupa kwenye rafu ya kioo, kaiweka kaunta. Yule msimamizi akaitoa mbele yake kwa tabasamu, akageuka kwa kijana wa dukani, akasema kwa Kiswahili, "Mletee ya stoo, hii ya hapa mbele acha."

Ya stoo. Kwa hiyo wanajua. Wanajua fika kwamba za rafuni zimepikwa, na zenye uzima wanazo ndani kwenye kiyoyozi, na wanachagua nani apewe ipi. Mwenyeji anayelipa elfu arobaini na nane anaachiwa ajipakulie jua, kisha akirudi anaambiwa ulimi wake ni wa Dodoma. Na kama ni wa Dodoma, je? Chupa ya Dodoma ndiyo iliyoniokoa mbele ya wageni, zabibu zake zimelimwa na mikono ya ndugu zetu, na imetunzwa kwenye friji la grosari isiyo hata na bango. Anayeitumia Dodoma kama tusi kaunta hafai kuuza hata juisi.

Nilitaka kuwapa nyota moja niishie hapo. Lakini haki niitende. Yule kijana alinifuata nje mpaka kwenye bajaji, akaniomba radhi kwa niaba yao, akaniambia nikija tena nisichukue chochote cha mbele, nimuulize yeye. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona vibaya kweli. Na baadaye mwenzangu mmoja kazini alikwenda, nikamwelekeza aombe Crianza ya stoo. Tuliinywa kwake, tumeiweka friji nusu saa kwanza kwa ajili ya joto letu hili. Jamani. Cheri, vanila kidogo, harufu ya ngozi mpya, inakaa mdomoni mpaka unasahau ulikuwa unasema nini. Chini ya elfu hamsini. Duka lingine Dar linalouza kitu hicho kwa bei hiyo mimi sijaliona.

Kwa hiyo niseme nyota tatu. Mkienda, ulizieni ya stoo, bila haya. Kabla hamjalipa shikeni chupa: ikiwa ya moto mkononi, rudisheni. Piteni kidole juu ya mdomo wa chupa. Kizibo kikiwa kimenyanyua kile kibati, au pananata, achaneni nayo hata kama wameshusha bei. Na angalieni wanaoshusha bei, maana rafu ya ofa nayo iko pale pale kwenye kioo. Kifuniko cha kuzungusha hakikuponyi na joto, na kibaya zaidi hakikuonyeshi dalili kama kizibo, kwa hiyo cha aina hiyo kichukueni ukuta wa ndani tu.

Nimeyaandika hayo, nimeyasoma tena, na nimekasirika upya. Kwa nini niwafundishe watu namna ya kujihami ndani ya duka wanakokwenda kulipa? Kioo kinahitaji pazia. Pazia! Kariakoo vitambaa vimejaa. Hawaweki, kwa sababu za mbele zinanunuliwa tu na watu ambao wakirudi wataonyeshwa karatasi ukutani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina vifungu vya kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ina ofisi hapa hapa mjini. Barua nimeshaiandika, imebaki kuipeleka. Mume wangu anasema chupa chache si za kuandikia barua. Mimi naona mjomba wangu siku ile, akishusha sauti.

Nyota moja, basi. Ya kijana yule na ya stoo. Carmenère yao ya ukuta wa ndani chukueni, hiyo siibadilishii neno. Nikisikia wameweka pazia na yule msimamizi amejifunza kusema pole, nitakuwepo pale siku hiyo hiyo, maana Crianza ile bado naitaka, na Rioja zangu mbili nazo wanadaiwa.